Siti ya Mbele Kushoto

Mwanaidi, mama,

Mvua imenikatia kazi leo. Hakuna anayemletea fundi siti gari lake wakati Ilomba nzima imegeuka tope, na rangi haikauki kwenye unyevu hata ukiipuliza kwa mapenzi namna gani. Wewe umekwenda kumuaga shangazi yako, na ninajua hatakuachia mapema. Atakupikia na atakulilia, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo nimekaa hapa karakana, kwenye siti ya mteja iliyofunguliwa na kuwekwa chini, ubao mapajani, bati linapiga kelele juu yangu, na ninakuandikia. Nitaiweka barua hii juu ya begi lako. Isome ukirudi, kabla hujalala.

Sitakuandikia habari za sweta. Iringa kuna baridi, lakini umezaliwa Mbeya, wewe na baridi hamkuanza kufahamiana leo. Mambo ya chakula, na kufunga mlango kwa komeo, na watu wa kuwaogopa na wa kuwasalimia, shangazi yako atakuwa ameyamaliza na kubakiza mengine ya kukupigia simu. Mimi nina jambo moja tu. Juzi nilipokuambia kwamba nitakupeleka stendi kwa gari, ulisema, "Nitapanda bajaji, baba."

Nikasema, "Lakini gari lipo."

Ukasema, "Najua lipo."

Ukaendelea kukunja nguo. Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningepumzika, maana hasira yako ninaifahamu, huja na mlango unaopigwa na huisha na kikombe cha pili cha chai. Ulisema taratibu, kama tunavyowajibu wateja. Tangu hapo ninajiuliza kama kesho utaondoka kwangu ukiwa mwanangu, au utaondoka kama mpangaji mwema aliyelipa kila kitu na kushukuru. Sote wawili tunajua sababu ni siti ile ya mbele kushoto, na tangu siku ile hatujaitaja hata mara moja. Leo nitaitaja mimi.

Nianze mbali kidogo. Unanijua, siwezi kufika kwenye shimo la siti bila kuzunguka gari zima kwanza.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa na mikono yenye haraka. Nilimaliza kidato cha nne, nikashona suruali mwaka mmoja, nikaona siti zina heshima zaidi. Kijana mwenye cherehani nzito alikuwa anasalimiwa na wenye magari. Mteja wangu wa kwanza mkubwa alikuwa mnunuzi wa dhahabu kutoka Chunya. Vumbi la kule na jua vilikuwa vimezipasua siti zake kama ardhi ya kiangazi. Nikaziba nyufa, nikapiga msasa, nikachanganya rangi ya kahawia, nikapuliza. Zikang'aa mpaka nikamwita mama yako aje kuona. Nilichosahau ni mafuta. Dereva wake alikuwa akizipaka siti zile mafuta ya kung'arisha kila wiki, na mimi nilizifuta juu juu tu, nikapitisha rangi juu ya mafuta.

Mzee wa watu alikwenda nazo kwenye sala ya Idi. Akarudi kwangu mchana huohuo, amevaa kanzu nyeupe. Hakunisalimia. Akasema, "Fundi, nitazame mgongo," kisha akageuka. Mgongo mzima ulikuwa kahawia, na makalio, samahani mwanangu, nayo yalikuwa kahawia. Amesali hivyo, safu ya mbele, watu wote nyuma yake wakimtazama. Mama yako alichukua ile kanzu, akailoweka, akaifua mpaka vidole vikajikunja, kisha akainua uso akaniambia, "Shabani, rangi yako imegoma kwenye siti, lakini kwenye kanzu imekubali."

Tulicheka mpaka yule mzee naye akacheka. Nilikuwa nakusimulia kisa hiki ukiwa mdogo, na ulikuwa unataka nikifika kwenye mgongo nigeuke kweli. Lakini sikukuambia kilichobaki. Kilichobaki ni kwamba nilidhani nimeshajifunza. Nilijiambia, Shabani, tangu leo hutapitisha kitu kipya juu ya kitu ambacho hujakisafisha. Kwenye siti za watu sijarudia tena.

Sasa siti ya mama yako.

Unakumbuka ilivyokuwa. Ubavu wake wa nje ulikuwa umechanikachanika kwa sababu mama yako Zainabu alikuwa anashuka kwa kujiburuza, nyonga ilikuwa inamuuma na hakutaka mtu ajue. Na katikati ya kikalio palikuwa na duara lililoyeyuka. Hilo aliliweka siku tulipokuwa tunakwenda harusini Uyole. Alikuwa na sufuria la pilau mapajani, amelikunjia kitenge chini. Tulipofika alishuka upesi kumkumbatia mtu, akaliacha sufuria kwenye siti bila kile kitenge. Tulipokuja kulinyanyua, ngozi ya bandia ilikuwa imenata kwenye chuma. Akaniambia, "Baba Mwanaidi, nimekupatia kazi."

Nikamwambia, "Nitaitengeneza Jumamosi."

Jumamosi akaja mteja. Jumamosi nyingine akaja mwingine. Watu wa hapa mtaani wakawa wanatutania barabarani, "Fundi siti, mbona siti yako yenyewe inaomba msaada?" Na mama yako, alivyokuwa, alikuwa anawajibu kupitia dirishani, "Mpelekeeni nyie hii siti, labda mkiwa wateja atawasikia!" Wewe ulikuwa darasa la pili au la tatu. Ulikuwa unajibana naye kwenye siti hiyohiyo, nusu yako mapajani mwake, na kidole chako kikizunguka kwenye duara. Halafu akaugua, halafu akaondoka, Mungu amrehemu, na Jumamosi yangu ikawa haijafika.

Baada ya hapo ulikuwa unakwenda kusomea kwenye gari. Gari limeegeshwa uani, wewe ndani yake na madaftari, mwaka ule wote wa mtihani. Shangazi yako aliniuliza, "Huyu mtoto anafanya nini humo?" Nikamjibu unatafuta utulivu, nyumbani kuna kelele za cherehani. Nilikuletea chai mara nyingi, ukaipokea dirishani. Nami niliona kidole chako kinazunguka palepale. Niliona, mama. Siwezi kukuambia kwamba sikuona. Nikadhani ni vidole tu vya mtu anayekariri.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Niletee siti yoyote, nitakuambia nani alikuwa anaikalia. Aliyezoea kuweka pochi mfuko wa nyuma, ninamjua. Mtoto aliyekuwa anapiga teke kiti cha baba yake, ninamjua. Mwenye kulala garini mchana, mwenye kulia huku ameshika ukingo, nimewaona wote kwenye sponji na mishono yao. Lakini siti iliyokuwa uani kwangu, niliyoipita kila asubuhi nikienda kufungua karakana, sikuisoma. Niliiona kuwa ni kazi ambayo sijaimaliza.

Sasa nivumilie, maana nitamtaja Rehema, na unajua nikimtaja sauti yangu inapanda. Uliwahi kuniambia, "Baba, punguza, majirani wanasikia." Kwenye karatasi hawasikii.

Alikuja na kaka yake kutoka Igowole. Gari lao, ile Noah inayobeba watu na mizigo yao kati ya Mafinga na kule kwao ilikuwa imechanwa siti za nyuma na mabati ya mtu. Kaka mtu akaenda Mwanjelwa kununua vipuri, yeye akabaki, akaketi kwenye benchi letu, akasema, "Nimeachwa nilinde, zisije zikarudi siti za watu wengine." Nikachanganya kijivu, nikapaka kwenye kipande, nikamwonyesha kwa majigambo.

Akasema, "Fundi, hiki si kijivu chake."

"Dada, hiki ni kijivu."

"Ni kijivu cha taa. Hebu kitoe nje."

Nikakitoa nje, kikawa cha buluu. Mwanaidi, nimefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa, na nilisimama juani nimeshika kipande cha buluu, na yule mwanamke amefunika mdomo kwa mtandio ili nisimwone anacheka. Moyo ulinidunda kama wa kijana aliyeitwa mbele ya darasa. Nilichanganya tena, akakataa tena, nikachanganya tena. Ilipokubali, nilisikitika kwamba imekubali. Wiki iliyofuata nilimpigia kaka yake simu nikamwambia kuna mshono mmoja unahitaji kuangaliwa. Haukuhitaji chochote. Alipokuja na dada yake, Rehema alinitazama, akautazama mshono, akasema, "Huu mshono una afya kuliko wewe." Basi, nikawa nimekwisha.

Ninampenda. Najua binti hapendi kusikia hayo kwa baba yake, lakini ni bora uyasikie kwangu kuliko kuyaona usoni pangu na kuyabeba peke yako. Ninampenda anavyosema "eeh" kwenye simu akiwa hajasikia. Ninapenda harufu ya moshi na majani ya chai inayokuja kwenye nguo zake kutoka kule kwenye ukungu wao. Akinitumia ujumbe ninausoma, kisha ninausoma tena nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeshajihesabu kama mtu aliyemaliza, mwanangu, mtu wa kusubiri wajukuu tu, na ghafla nikaona hata barabara ya kwenda sokoni ni nzuri.

Na furaha ile ndiyo iliyonipa mikono ya haraka tena.

Ulikuwa umekwenda Iringa kuangalia ile nafasi ya kazi ya kushona siti pale Ipogolo. Harusi ilikuwa imekaribia. Nililitazama gari, nikamwona bibi harusi wangu anatoka kwao na gauni lake, anakaa juu ya siti iliyochanika na kuungua. Nikaona aibu. Nikachukua ufunguo, nikaifungua siti ile, nikakata mishono, nikavua ngozi yote kwa mara moja, kama mtu anayemenya chungwa. Sikutulia hata kidogo. Nilikuwa ninaimba. Mabaki nikayatia kwenye gunia pamoja na takataka nyingine za karakana, na gari la taka likapita na gunia likaenda. Nikaongeza sponji, nikashona ngozi mpya ya rangi ya maziwa yenye uzi mwekundu, nikaivuta mpaka haikuwa na kunyanzi hata moja. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sijui niifanyie nini.

Ulipofika uani na mkoba wako begani, nilikukimbilia. Sikukuuliza hata safari. Nikafungua mlango, nikasema, "Tazama!"

Ukatazama. Ukauliza, "Iko wapi?"

"Nini?"

"Siti ya mama."

Nami nikajibu, Mungu anisamehe, nikicheka, "Si hii hapa, mama! Imekuwa mpya kabisa."

Ulinitazama kama unayemtafuta mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. Kisha ukaurudisha mlango pole pole. Mlango wa upande ule haufungiki bila kupigwa, unajua, lakini hukuupiga. Mlango ukabaki wazi kidogo, taa ya ndani ikawaka mpaka ikamaliza betri, na asubuhi yake gari halikuwaka. Nililiwasha kwa kusukumwa na majirani, nikaenda kwenye ndoa yangu nimechafuka matope, bado sijaelewa kitu. Wewe ulikuja Igowole kwa basi pamoja na shangazi yako. Ulikula, ukasalimia, ulimpa Rehema shikamoo na ukamwita mama mdogo, ukakunja mikeka baada ya watu kuondoka. Hakuna mtu angeweza kukulaumu kwa lolote. Usiku mmoja wa furaha kama ule, na mimi nilikuwa ninakutafuta kila pembe ili nikuone umekasirika, nikakukuta umetulia.

Rehema alielewa kabla yangu. Safari ya kwanza nilipokuwa ninamleta Mbeya kuona nyumba, aliipapasa ile siti, akaisifu, kisha akauliza, "Hapa alikuwa anakaa nani?" Nikamweleza kila kitu, kuanzia sufuria la pilau mpaka ulivyorudisha mlango. Tulikuwa hatujafika Makambako. Akasema, "Simama."

"Kuna nini?"

"Simama, Shabani."

Nikasimama. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaketi nyuma. Nikageuka nikamwambia, "Mke wangu, rudi mbele, watu watanionaje?" Akajibu, "Watakuona dereva. Hapo mimi sikai mpaka mwenyewe aseme." Na hajakaa mpaka leo. Ndiyo maana umekuwa unatuona tunaingia na kutoka hivyo, na ninajua ulidhani ni maringo. Ni mume aliyeoa juzi, mkewe nyuma, wanaongea kupitia kioo. Siku ile Makambako nilisimama kununua mahindi ya kuchoma, mama mmoja akachungulia akaniuliza, "Teksi, Njombe unakwenda?" Rehema alicheka mpaka akalala kwenye siti. Mimi nilicheka pia, kwa sababu nikimwona anacheka siwezi kujizuia, lakini pembeni yangu palikuwa pamekaa ngozi ya rangi ya maziwa, haina mtu.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sikutaka ulijue. Baada ya kunijibu kuhusu bajaji, jana nilifunga mlango wa karakana nikajaribu kuirudisha siti ya mama yako. Unajua kwamba ninaweza. Kufanya kipya kifanane na kikuukuu ni nusu ya kazi yetu. Nilikuwa na kipande cha ngozi ya bandia ya kahawia ya rangi ileile. Nikakipauza kwa msasa, nikakipitisha kwenye moto kidogo kikaze, nikakikunja na kukikunjua mpaka kikapasuka pale ubavuni anapojiburuza mtu mwenye nyonga inayouma. Kisha nikaweka sufuria kwenye jiko mpaka likapata moto, nikalishusha juu ya kikalio, nikahesabu kimoyomoyo, nikalinyanyua. Duara likatoka. Nikaweka kidole changu ndani yake. Lilikuwa bado lina joto.

Nikampigia Rehema. Nikamwambia, nimepata dawa, kesho kutwa mtoto anapanda gari.

Akauliza, "Umeitengeneza vizuri?"

"Vizuri sana. Hata wewe usingejua."

"Basi itoe."

"Kwa nini niitoe?"

"Ataweka kidole chake, ataamini ni pale pale, halafu wewe utamtazama ukiwa unajua. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Nikakata simu. Nikakaa chini karibu na ile siti, na nikajua siwezi. Nikakata mishono yangu mwenyewe. Nimerudisha ile ya rangi ya maziwa, kwa sababu ndiyo niliyoifanya. Ya mama yako haipo, Mwanaidi. Nimeitupa mimi, nikiimba. Hakuna gundi wala rangi ya kuirudisha, na sitakuomba uniambie kwamba haidhuru.

Siku hizi kabla sijafungua siti ya mtu ninauliza. Wiki iliyopita alikuja dada mmoja na gari dogo, siti imechanika kila mahali. Nikamwuliza kwa upole mwingi, "Kuna alama yoyote ambayo ungependa ibaki?" Akanishangaa. Akasema, "Fundi, mimi nataka isibaki hata harufu ya yule mwanamume." Nikamfanyia hivyo hivyo, kwa furaha. Nakueleza ili ujue sijageuka mtu wa kulia juu ya kila sponji. Utakuwa na wateja wako kule Ipogolo, na wengi wao watataka siti tu. Lakini mikono yako ni mizuri kuliko yangu, na mtu mwenye mikono mizuri anaweza kuharibu upesi zaidi. Uliza. Ni neno moja, halimkawishi mtu.

Na siku wewe utakapopenda, maana utapenda, usije ukaogopa kwa sababu ya haya yaliyotupata. Penda kwa nguvu zako zote. Mimi sijuti kumpenda Rehema hata dakika moja, na nisingependa ulibebe hilo kwenye begi lako kwenda nalo Iringa. Ninachojuta ni kwamba nilipopata furaha sikukuita. Nilikuja nayo imekwisha kukamilika, imeshonwa, nikakuambia tazama. Ningekuita kabla ya kushika ufunguo. Tungekaa wawili ndani ya gari, wewe kushoto, na ungenisimulia ulichokuwa unakisoma humo mwaka ule wote. Pengine mwisho wake ungesema, baba, tengeneza. Pengine ungesema, acha. Sasa sitajua.

Rehema atabaki Igowole kwa muda, nadhani umeshaliona hilo. Mama yake tangu apate kiharusi hawezi kuachwa, na mimi nisingemwoa mwanamke anayeweza kumwacha mama yake. Kwa hiyo nina mke, na nyumba yangu kuanzia kesho haina mtu. Nilidhani mtu akioa upweke wake unaondoka, kama unavyoondoa sponji kuukuu na kuweka jipya. Kumbe wa mama yako uko palepale ulipokuwa. Wa Rehema umekuja kukaa pembeni yake, kila Jumapili jioni nikirudi kutoka kwao, gari tupu mbele na nyuma. Na kesho utakuja wa kwako. Sikuambii hivyo ili usiende. Nenda. Nafasi ile umeitafuta mwenyewe, na nilipoiona barua yao nilitembea nayo mtaa mzima nikiwaonyesha watu, hata wasiojua kusoma. Nakuambia kwa sababu tumeishi wawili muda mrefu bila kuambiana jambo hili. Ulikuwa uani ndani ya gari, mimi karakana, kila mmoja akidhani mwenzake anafanya kazi.

Mvua imepungua. Nimeacha kuandika mara moja, nikaenda pale kwenye kona wanapoegesha bajaji. Nimeongea na yule kijana mpole asiyeendesha kwa fujo, atakuja getini alfajiri kabla ya adhana. Nimeshamwambia ni wewe, na unakwenda stendi. Kwa hiyo bajaji yako ipo, na hakuna mtu atakayekuuliza kuhusu gari.

Siti ya nyuma ya ile bajaji niliishona mimi. Inatosha watu wawili, begi likikaa miguuni. Kesho nitasimama getini. Ukiliweka begi miguuni nitapanda, tutakwenda pamoja mpaka kwenye basi lako, na si lazima tuongee. Ukiliweka pembeni yako kwenye siti nitaelewa. Nitakupa mkono palepale, nitakuombea safari njema, na sitasema neno hata moja mbele ya yule kijana.

Kwa vyovyote vile, nitakuwa nimevaa viatu.

Mimi baba yako,
Shabani